Fazi na eko kwenye adapta moja: kwa nini zinazimana, na volti ngapi zinafaa

Swali la leo limetoka kwa mpiga gitaa wa Kigoma. Nalifupisha:

"Fundi, shikamoo. Napiga gitaa la solo kanisani na nimejijengea pedali mbili, viboksi vya kukanyaga vya kubadili sauti. Ya kwanza ni fazi, ya kukwaruza sauti, yenye transista mbili za AC128 nilizozitoa kwenye redio ya zamani. Ya pili ni eko, ya kurudia sauti, yenye IC ya PT2399. Kwa betri za 9V zote zinapiga vizuri, ila betri ya eko haimalizi wiki. Nina adapta ya redio yenye swichi ya kuchagua kuanzia 3V hadi 12V. Nikiiweka kwenye 9 na kuwasha fazi peke yake, inaunguruma. Nikigawa waya ili ziwake zote mbili, zinazimika na adapta inapata moto. Je, niiweke kwenye 12 ili iwe na nguvu ya kutosha? Na je, naweza kutumia betri ya sola ya kanisa, maana umeme hukatika?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiiweke kwenye 12, na usiziunganishe tena zote mbili kwenye adapta hiyo mpaka umalize kusoma hapa. Adapta yako haikosi nguvu. Kinachotokea ni shoti, yaani chanya na hasi zinakutana moja kwa moja, na ukiongeza volti utaifanya shoti hiyo iwe kali zaidi.

Tazama ndani ya fazi yako. AC128 ni transista ya germaniamu ya aina ya PNP. Saketi za fazi za namna hiyo, kuanzia zile zilizotengenezwa Uingereza miaka ya 1960, huweka chanya ya betri kwenye graundi, yaani njia ya pamoja ya saketi. Maana yake boksi la chuma, jeki za gitaa na waya wa nje wa kebo vyote viko upande wa chanya. Sasa fungua eko. Huko graundi ni hasi, kama ilivyo kwenye pedali nyingi za leo. Kila pedali ikiwa na betri yake hakuna ugomvi, kwa sababu betri mbili hazijuani. Lakini ukizilisha kwa adapta moja, kisha ukachomeka kebo ya sauti kutoka fazi kwenda eko, waya wa nje wa kebo ile unaunganisha graundi ya fazi, ambayo ni chanya ya adapta, na graundi ya eko, ambayo ni hasi ya adapta hiyohiyo. Umeme wote unapita kwenye kebo ya gitaa. Volti zinaanguka karibu na sifuri, taa zinazimika, na transfoma ndani ya adapta inaungua taratibu.

Unaweza kulithibitisha hili bila kuwasha chochote. Chomoa adapta ukutani, toa betri, lakini acha waya uliougawa umechomekwa kwenye pedali zote mbili na kebo ya sauti iwe mahali pake. Weka maltimita kwenye alama ya mlio, gusa ncha moja nje ya plagi ya adapta na nyingine ndani ya tundu lake. Maltimita itapiga mlio. Chomoa kebo ya sauti kati ya pedali, mlio utakoma. Zingatia pia ubao unaofungia pedali: kama ni wa chuma na boksi zote mbili zinaugusa, shoti itabaki hata bila kebo.

Nakushauri fazi uiache kwenye betri, moja kwa moja. Siyo kwa kukosa njia nyingine. Fazi ya AC128 mbili kwa kawaida hula chini ya miliampia 1, na betri ya kawaida ya 9V, ile ya bei nafuu isiyo alkali, ina takriban miliampia-saa 400. Hesabu mwenyewe: ni mamia ya saa. Ikiwa betri ya fazi inakufa mapema, angalia vitu viwili. Cha kwanza ni taa ya LED. Ukiiwekea rezista ya 1k (ohm 1,000) inakula karibu miliampia 7, mara saba ya saketi nzima. Badilisha iwe 4.7k na itakula kama 1.5, bado utaiona. Cha pili ni kebo. Wengi hutumia jeki ya stereo upande wa kuingia ili iwe swichi ya betri, na ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, pedali haijazima hata kama umeikanyaga. Chomoa kebo ukimaliza ibada.

Eko ndiyo inayohitaji adapta. PT2399 pamoja na saketi yake hula miliampia 20 na zaidi, halafu ndani kuna regyuleta (kidhibiti cha volti) ya 78L05 inayoishusha 9V kuwa 5V. Regyuleta hiyo inahitaji angalau volti 2 za juu ili ifanye kazi, kwa hiyo betri ikishuka chini ya 7V tu, eko inaanza kukoroma ingawa betri bado ina uhai. Ndiyo sababu betri yako haimalizi wiki.

Sasa tuje kwenye adapta yenyewe, maana hapa ndipo vijana wengi huunguza kazi nzuri. Maandishi ya 9V kwenye swichi yake hayakuhakikishii kitu. Adapta nzito za zamani za redio zina transfoma, dayodi nne na kapasita moja, basi. Transfoma inayotoa 9V za AC, zikishapita kwenye dayodi na kujazwa kwenye kapasita, zinafika kilele cha kama 11V. Na kwa kuwa pedali inakula kidogo mno kulinganisha na redio, transfoma haielemewi, inapanda zaidi. Usishangae kukuta 13V mahali palipoandikwa 9, na 16V au 17V mahali palipoandikwa 12. Ndiyo maana nimekukataza hiyo 12.

Pima hivi. Maltimita iwe kwenye DC 20V. Ncha nyekundu ingiza ndani ya tundu la plagi, nyeusi gusa chuma cha nje. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, katikati ni hasi, na huo ndio mpangilio wa pedali karibu zote za dukani, zenye plagi ya milimita 5.5 kwa 2.1. Adapta za redio mara nyingi ni kinyume, katikati chanya, na nyingine zina kiswichi kidogo cha kugeuza ambacho huteleza chenyewe zikiwa ndani ya mfuko. Andika namba uliyoipata. Kisha shika rezista ya ohm 470 ya nusu wati, iunganishe kati ya chanya na hasi, upime tena. Namba ikibaki ileile, 9.0 au 9.1 bila rezista na kwa rezista, adapta hiyo ina regyuleta na unaweza kuiamini. Ikishuka kutoka 13 kwenda 12 na kitu, haina. Na kabla ya yote hayo soma mgongoni palipoandikwa upande wa kutoa. Ukiona kiwimbi kama hiki ~ badala ya mstari ulionyooka, inatoa AC, na hiyo isiguse pedali yako hata sekunde moja.

Muungurumo unaousikia kwenye fazi unatokana na hilohilo. Umeme wetu ni wa 50Hz. Ukipita kwenye dayodi nne, mawimbi yanayobaki ni ya 100Hz. Shika waya mnene wa E, bonyeza kizuizi cha tatu upate G: ni 98Hz. Linganisha na muungurumo wako, utakuta vinakaribiana mno. Fazi inakuza kila kinachoingia, na saketi yenye transista mbili haina chochote cha kuyazuia mawimbi ya kwenye waya wa umeme. Eko ina 78L05 inayoyasafisha kwa sehemu kubwa, kwa hiyo itakuwa na utulivu zaidi kwenye adapta ileile.

Adapta yako usiitupe. Jenga kiboksi kidogo cha kuisafisha. Iweke kwenye 12, ipite kwenye kapasita ya 1000µF, kisha regyuleta ya 7809, kisha kapasita ya 100µF, halafu ndiyo iende kwenye eko. Kapasita ya mbele iwe ya 35V. Ya 16V ikikutana na 17V za adapta isiyo na mzigo, itavimba kichwa na siku moja itapasuka. Weka pia kapasita mbili ndogo, 0.33µF upande wa kuingia na 0.1µF upande wa kutoka, karibu kabisa na miguu ya regyuleta, vinginevyo inaweza kutetemeka yenyewe na kuleta kelele. 7809 inahitaji kama 11V au zaidi kuingia ili itoe 9V safi, ndiyo maana hapa, na hapa tu, swichi inakwenda kwenye 12. Ikiwa inaingiza 15V na pedali zinakula miliampia 100, regyuleta itageuza wati 0.6 kuwa joto: utalisikia kidoleni, lakini haihitaji kipande cha chuma cha kuipoza.

Angalizo moja la miguu, kwa sababu nimeona bodi nyingi zikifia hapa. Regyuleta kubwa ya 7809, ukiitazama usoni penye maandishi, miguu kutoka kushoto ni kuingia, graundi, kutoka. Ile ndogo ya 78L05 au 78L09 inayofanana na transista, ukiitazama upande wake bapa, ni kutoka, graundi, kuingia. Zimegeuzana. Ukifuata mchoro wa moja kwa kulehemu nyingine, PT2399 inaweza kupata umeme usio wake. Lehemu regyuleta kwanza, pima 5V zako, kisha ndipo upachike IC kwenye soketi.

Umeuliza volti ngapi zinafaa. Jibu limo ndani ya boksi lako, kwenye kile kitu dhaifu kuliko vyote. PT2399 ni ya 5V na mwisho wake ni 6V. Uhai wake wote uko mikononi mwa 78L05. Ukiwa na IC za kukuza sauti kama TL072 au 4558 ndani, hizo zinavumilia hadi 36V kwa jumla, hazina shida. LM386, IC ya amplifaya ndogo, zipo za aina tofauti: ile ya N-1 inashauriwa isizidi 12V, ya N-4 inafika 18V, na kwa sura zinafanana, kwa hiyo soma herufi za mwisho. Kapasita nazo zina mwisho wake umeandikwa ubavuni. Ukikuta hata moja ya 10V kwenye njia ya umeme, pedali yako ni ya 9V na mjadala umefungwa. Mimi hupenda kapasita za 25V kwa kila pedali ya 9V. Tofauti ya bei ni ndogo sana.

Kwa fazi, 12V hazitaziunguza AC128, maana zinavumilia zaidi ya hapo. Zitaharibu sauti. Fazi ya aina hii hupangwa ili kolekta (mguu wa kutolea sauti) ya transista ya pili ikae karibu na nusu ya betri, yaani kama 4.5V ukipima kutoka graundi. Ukipandisha umeme, mahali hapo panahama, na noti zinaanza kukatika mwishoni badala ya kufifia. Germaniamu inahama hata kwa joto: uvujaji wa transista hizi huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Mchana wa jua kali kando ya ziwa, fazi uliyoipanga alfajiri itakuwa pedali nyingine. Badala ya rezista ya 8.2k kwenye kolekta hiyo, weka potenshomita ndogo ya 10k ya kugeuzwa kwa bisibisi. Igeuze ukiwa mahali utakapopigia, saa utakayopigia.

Kuhusu miliampia, watu huogopa pasipo sababu. Adapta ya ampia 1 haisukumi ampia 1 ndani ya pedali. Ni sinia la wali mezani: pedali itakula kijiko chake na mengine yatabaki. Volti zilingane, miliampia za adapta ziwe sawa na jumla ya pedali zako au zaidi. Kwa eko na pedali nyingine mbili tatu za transista, miliampia 200 zinatosha na chenji. Ukinunua baadaye pedali ya kidijitali, hiyo peke yake inaweza kutaka 300, na hapo piga hesabu upya.

Kila pedali unayojenga iwekee mlinzi dhidi ya umeme uliogeuzwa. Michoro mingi huweka dayodi ya 1N4001 ikivuka kutoka chanya kwenda graundi: umeme ukija kinyume, dayodi inapiga shoti na kuikinga saketi. Kwa betri ya 9V inatosha. Kwa adapta yenye nguvu au betri ya sola, dayodi hiyo inaungua, na ikishaungua na kukatika, umeme wa kinyume unaendelea hadi kwenye IC. Afadhali dayodi ya 1N5817 iliyowekwa njiani, umeme wote upite ndani yake. Inakula sehemu ndogo ya volti, kama 0.3 hivi, na ukigeuza plagi hakuna kinachotokea kabisa. Kwenye fazi yako yenye graundi chanya, dayodi hiyo inakaa kwenye waya wa hasi.

Na jeki ya adapta iwe ya plastiki. Katikati ikiwa hasi, upande wa nje ni chanya. Jeki ya chuma ikifungwa kwenye boksi la alumini, inalipeleka boksi zima kwenye chanya huku jeki za gitaa zikilipeleka kwenye hasi. Hiyo ni shoti bila hata kuwa na pedali ya pili.

Ikiwa siku moja utataka fazi nayo iache betri, kuna njia mbili. Ipe adapta yake peke yake, yenye transfoma yake, isiyogawana waya na kitu kingine. Au jenga saketi ya TC1044S, IC ya miguu minane inayochukua 9V za kawaida na kutoa hasi 9V, ili fazi iwe na graundi hasi kama wenzake. Chanya inaingia mguu wa 8, graundi mguu wa 3, kapasita ya 10µF kati ya mguu wa 2 na wa 4 chanya yake ikiwa kwenye 2, na hasi 9V inatoka mguu wa 5 ikiwa na kapasita nyingine ya 10µF kwenda graundi, chanya yake upande wa graundi. Unganisha mguu wa 1 na wa 8. Usipofanya hivyo, IC inafanya kazi kwa kasi ambayo sikio linaisikia, na utapata mluzi mwembamba chini ya kila noti. IC hiyo isipewe zaidi ya 12V. Ndugu yake MAX1044 mwisho wake ni 10V, kwa hiyo mbele ya adapta isiyo na regyuleta haina maisha.

Betri ya sola ya kanisa inafaa kwa eko, tena kwa utulivu kuliko adapta, kwa sababu haina muungurumo. Lakini "12V" yake si 12. Ikiwa imejaa na imepumzika ni kama 12.7V, na jua likiwa linaichaji inafika 14.4V. Ipitishe kwenye kile kiboksi cha 7809, bila adapta. Usichukue umeme kwenye waya wa paneli: paneli inayoitwa ya 12V, isipokuwa na mzigo, inatoa karibu 21V. Chukua kwenye vichwa vya betri vyenyewe, na fyuzi ya miliampia 500 ikae kwenye waya wa chanya, karibu na kichwa cha betri, siyo mwisho wa waya karibu na pedali. Adapta ikipigwa shoti inapata moto. Betri ya asidi ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampia na inawasha waya wako kama tambi ya taa. Fyuzi ikae mahali ambapo waya wote uliobaki uko nyuma yake.

Fazi usiiunganishe na betri ya sola bila TC1044S. Mixa ya kanisa ikiwa inakula betri ileile, graundi yake ni hasi, na ile shoti ya kebo itarudi, safari hii ikiwa na betri ya lori nyuma yake.

Mwisho, amplifaya. Pedali ya 9V haiwezi kukudhuru mwilini, lakini waya wa gitaa unaiunganisha mikono yako na chasisi ya amplifaya iliyochomekwa kwenye 230V. Plagi yake iwe na mguu wa erthi unaofanya kazi kweli hadi ukutani. Kuna wanaokata waya wa erthi ili kupunguza muungurumo; muungurumo unapungua, na siku amplifaya itakapovuja, mwimbaji anayegusa maikrofoni huku ameshika gitaa ndiye atakayeipata. Transfoma ya umeme wa ukutani nayo usiiweke ndani ya boksi la pedali. Na ndugu wa Marekani akikutumia adapta, soma upande wa kuingia: ikiwa imeandikwa 120V tu, itaungua dakika za kwanza. Ikiwa imeandikwa 100–240V, chomeka, kisha pima kama nilivyokueleza kabla haijagusa eko yako.